Kipozeo na Kesi ya Kompyuta ya Gemu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ninaunda kompyuta za gemu hapa Dar es Salaam, na maswali yaliyomo humu ndiyo ninayoulizwa karibu kila wiki na watu wanaotaka kununua vifaa kimoja kimoja kisha waviunganishe wenyewe au waunganishiwe. Prosesa ni kile kipande kinachofanya hesabu zote za kompyuta. Kwa kipozeo ninamaanisha kile ambacho wengi dukani hukiita feni ya prosesa, yaani mapezi ya alumini, mabomba ya shaba na feni yake kwa pamoja. Kwa kesi ninamaanisha kasha zima linalobeba vifaa. Nyuzi zote zinazotajwa ni za Selsiasi.

Kwa nini unasisitiza kwamba kipozeo na kesi vichaguliwe pamoja?

Kwa sababu kipozeo hakiui joto, hulihamisha tu. Hulichukua kwenye prosesa, ambayo si kubwa kuliko kisanduku cha kiberiti, na kulimwaga kwenye hewa iliyomo ndani ya kesi. Kuanzia hapo kazi ni ya kesi: isipoweza kuitoa hewa hiyo nje na kuingiza nyingine, kipozeo huanza kujipepea kwa hewa ileile iliyokwisha kupata moto, na hata kile cha bei kubwa hugeuka pambo.

Tuchukue mashine ya kawaida ya gemu ambayo prosesa na kadi yake ya grafiki kwa pamoja hutumia wati 400. Karibu wati zote hizo huishia kuwa joto. Ili hewa inayopita ndani ya kesi ipande nyuzi 10 tu kati ya inapoingilia na inapotokea, zinahitajika takriban mita 125 za ujazo za hewa kwa saa. Kesi ya ukubwa wa kati ina ujazo wa lita 50 hivi, kwa hiyo hewa yake yote inatakiwa ibadilike kila baada ya sekunde moja na nusu. Mtu akishaielewa hesabu hiyo, hauangalii tena uso wa mbele wa kesi kama urembo. Anauangalia kama mlango, na swali lake la kwanza linakuwa mlango huo uko wazi kiasi gani.

Kwetu sisi wa pwani kuna jambo la pili. Hakuna kipozeo cha hewa wala cha maji kinachoweza kuishusha prosesa chini ya joto la chumba. Vipimo vingi vinavyoonyeshwa mtandaoni hufanyiwa kwenye vyumba vya nyuzi 20 hadi 23, wakati chumba cha Sinza au Mbagala, alasiri ya Februari na bila kiyoyozi, kina nyuzi 32. Chukua nambari waliyoipata wao, ongeza nyuzi 10, ndipo upate picha iliyo karibu na itakayokukuta nyumbani.

Prosesa yangu imekuja na kipozeo ndani ya boksi. Je, kinatosha?

Inategemea prosesa. Core i5-12400F ya Intel, ikiwa ya boksi, na Ryzen 5 7600 ya AMD huja na vipozeo vidogo ambavyo kwenye gemu humudu kazi, ingawa vyote viwili hupiga kelele pale mashine inapopewa mzigo mzito wa muda mrefu, kwa mfano kuchakata video. Mwenye bajeti finyu aanze nacho, pesa ielekee kwenye kadi ya grafiki, kisha abadilishe baadaye. Prosesa za ngazi ya juu, kama Ryzen 7 7800X3D au zile za Intel zenye herufi K, huuzwa bila kipozeo chochote, kwa hiyo gharama hiyo iwekwe kwenye hesabu tangu mwanzo. Nimeshaletewa vifaa vyote vya mashine, kila kimoja kwenye boksi lake, kipozeo hakuna, na mwenyewe akaniambia alidhani kimo ndani.

Nitajuaje prosesa inatoa joto kiasi gani?

Usitosheke na nambari moja ya wati iliyoandikwa kwa maandishi makubwa. Core i9-14900K imeandikiwa wati 125, lakini inaporuhusiwa kukimbia kwa nguvu zake zote Intel wenyewe wanataja wati 253. Ryzen 5 7600 imeandikiwa wati 65, na kikomo chake halisi cha umeme kwenye soketi, yaani pale prosesa inapochomekwa, ni wati 88. Ryzen 7 7800X3D, kwa upande mwingine, imeandikiwa wati 120, na kwenye gemu nyingi haifiki hata 80.

Hiyo ya mwisho huwachanganya watu, kwa sababu pamoja na kutumia umeme kidogo, nyuzi zake hupanda haraka. Sababu ni umbo: kumbukumbu yake ya ziada imepachikwa juu ya kipande chenye viini, yaani sehemu zinazofanya kazi na kutoa joto, kwa hiyo joto hulazimika kupenya tabaka moja zaidi kabla ya kukifikia kipozeo. Katika Ryzen 7 9800X3D, iliyotoka Novemba 2024, AMD waliihamishia kumbukumbu hiyo chini ya viini, na mambo yakawa mepesi. Mwenye 7800X3D asikimbilie kununua kipozeo cha bei maradufu akidhani kitamletea muujiza. Joto limekwama ndani ya prosesa, wala si kwenye mapezi.

Kipi ni bora, kipozeo cha hewa au cha maji?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na kwa watu tisa kati ya kumi wanaokuja kwangu jibu langu ni hewa.

Kipozeo cha hewa kinafanya kazi kwa ujanja wa zamani na wa uhakika. Ndani ya yale mabomba ya shaba mna maji kidogo sana yaliyofungiwa humo baada ya hewa kunyonywa. Upande unaogusa prosesa maji hugeuka mvuke, mvuke hukimbilia upande wa mapezi, hupoa pale, hurudi kuwa maji na kunyonywa tena chini na utando ulio kwenye kuta za bomba. Hakuna pampu wala umeme unaohusika hapo. Kinachoweza kufa ni feni peke yake, na feni ya milimita 120 inapatikana Kariakoo siku hiyohiyo. Thermalright Peerless Assassin 120 SE, yenye mabomba sita na feni mbili, ni mfano mzuri wa kipozeo cha bei ya kawaida kinachotosha karibu prosesa yoyote ya gemu. Noctua NH-D15 ni kikubwa zaidi na kimya zaidi, na bei yake inajua hivyo.

Kipozeo cha maji kinachouzwa kikiwa kimefungwa tayari kina pampu, mipira miwili ya kupitishia maji na rejeta, kama gari. Faida yake ni kwamba joto hupelekwa moja kwa moja pembeni au juu ya kesi badala ya kumwagwa katikati, na rejeta ya milimita 360 ina eneo kubwa la kulitolea. Kwa mtu mwenye 14900K anayeifanyisha kazi nzito kwa saa nyingi, nitampendekezea bila kusita. Lakini maji hupungua kidogo kidogo kupitia kuta za mipira, pampu ina umri wake, na ikifa hununui pampu. Unanunua kitu kizima upya. Mwenye kuishi mahali ambapo kifaa cha aina hiyo huagizwa kutoka Dubai au China atakaa wiki kadhaa na mashine isiyowaka. Mwenye kipozeo cha hewa angekuwa ameshabadilisha feni na kurudi kwenye mechi yake.

Ukiamua kuchukua cha maji, sharti moja lisivunjwe: pampu isiwe sehemu ya juu kuliko zote katika mzunguko. Hewa iliyomo ndani ya mfumo hupanda juu, na ikijikusanya kwenye pampu utasikia mlio wa maji yanayochemka na pampu itaisha mapema. Rejeta ikiwekwa juu ya kesi, jambo hilo linajimaliza lenyewe.

Nyuzi ngapi ndizo hatari?

Prosesa za sasa hujilinda zenyewe. Ryzen 7 7800X3D ina kikomo cha nyuzi 89, 9800X3D nyuzi 95, na 14900K nyuzi 100. Zikikifikia, hupunguza kasi badala ya kuungua. Kwa hiyo hofu yako isiwe moto, iwe kasi unayoipoteza bila kujua.

Kwenye gemu, katika chumba cha nyuzi 32, mimi huridhika nikiona prosesa ikicheza kati ya nyuzi 65 na 80. Ikizoea kukaa juu ya 85 wakati wa gemu, kuna jambo. Kabla ya kutoa pesa, ingia kwenye BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio unaofunguliwa mashine inapowaka, upunguze kikomo cha umeme; prosesa nyingi za Ryzen zina mpangilio maalumu wa kubana matumizi ambao hushusha joto sana huku gemu zikipungua kasi kwa kiwango ambacho jicho halikioni. Hiyo ni bure, na ajabu ni kwamba ndiyo njia ya mwisho ambayo watu huikumbuka.

Ni vipimo gani nivipime kabla ya kununua?

Vinne, na cha kwanza ndicho kinachowaliza watu.

Cha kwanza ni kimo cha kipozeo. Peerless Assassin 120 SE kina milimita 155, NH-D15 kina 165. Kesi kama Corsair 4000D Airflow na Fractal Design North zinapokea hadi milimita 170, Lian Li Lancool 216 inapokea 180, lakini kesi nyingi za bei nafuu huishia 160 au chini ya hapo. Mwaka mmoja nilinunua NH-D15 kwa ajili ya kesi ambayo muuzaji aliniapia kuwa "inaingia kila kitu". Nilifunga skrubu zote, nikapanga nyaya, nikasafisha alama za vidole kwenye kioo cha ubavuni, kisha nikakisogeza mahali pake: kikasimama milimita chache kabla ya kufunga, kimeegemea ncha za mabomba ya shaba. Tangu siku hiyo sikubali neno la mdomo. Ninasoma karatasi ya vipimo ya mtengenezaji.

Cha pili ni urefu wa kadi ya grafiki. Zipo kadi zinazozidi milimita 330. Kesi ikidai kupokea milimita 360, uliza kama hesabu hiyo ni pamoja na kilichofungwa mbele. Rejeta ya kawaida na feni zake hula milimita 52 hivi, na ile ya Arctic Liquid Freezer III, ambayo ni nene zaidi, hula 63 pamoja na feni. Milimita 360 zinaweza kuwa 297 kabla hujafunga skrubu ya kwanza.

Cha tatu ni kimo cha ram (vibao vya kumbukumbu), hasa zile zenye taa na mabawa marefu, kwa sababu feni ya mbele ya kipozeo kikubwa hukaa juu yake. Feni hiyo inaweza kusogezwa juu kidogo, lakini ukiisogeza kimo cha kipozeo kinaongezeka, na unarudi kwenye kipimo cha kwanza.

Cha nne ni ukubwa wa ubao mama, ule ambao vifaa vingine huchomekwa juu yake: ATX ni milimita 305 kwa 244, Micro-ATX ni 244 kwa 244, Mini-ITX ni 170 kwa 170. Kesi kubwa hupokea ubao mdogo. Kinyume chake hakiwezekani.

Kesi yenye kioo mbele inapendeza. Ina ubaya gani?

Ina ubaya uleule wa chumba kizuri kisicho na dirisha. Corsair waliwahi kuuza kesi moja kwa sura mbili: 4000D yenye uso wa bati lililoziba na 4000D Airflow yenye uso wa matundu. Ndani ni kesi ileile. Kwenye ile iliyoziba, feni za mbele hulazimika kuvuta hewa kupitia mianya myembamba ya pembeni. Feni hazigomi, huzunguka kwa kelele ileile na kuleta hewa kidogo.

Kioo cha ubavuni hakina tatizo, na sina ugomvi na mtu anayependa kuona taa zake. Zipo pia kesi za kioo mbele na ubavuni ambazo huingiza hewa kutoka chini na kwenye ubavu wa pili, na zikijazwa feni za kutosha hufanya kazi vizuri. Ila hizo zinahitaji feni sita au zaidi, na gharama ya feni hizo mara nyingi haionekani kwenye bei ya kesi.

Niweke feni ngapi, na zielekee wapi?

Mbili au tatu mbele zikiingiza, moja nyuma ikitoa. Hiyo inatosha mashine nyingi. Ukiwa na kadi inayokula zaidi ya wati 300, ongeza moja juu, upande wa nyuma, ikitoa. Feni ya juu upande wa mbele iache: huinyakua hewa safi kabla haijafika kwenye kipozeo na kuitupa nje.

Upande wa feni utautambua hivi: hewa hutokea upande wenye zile fito zinazoshikilia mota. Feni ya kipozeo nayo ielekee nyuma, ipulize kuelekea ile feni ya kutolea. Nimekuta mashine mbili zilizokuwa na kipozeo kikipuliza mbele huku feni za mbele zikipuliza nyuma, hewa mbili zikigombana katikati, na wenyewe walikuwa wameshabadilisha pesti, ule ute unaopakwa kati ya prosesa na kipozeo, mara tatu.

Feni zinazoingiza zikiwa na nguvu kuliko zinazotoa, hewa ya ziada hutafuta njia ya kutoka kwenye kila upenyo, na kwa hiyo vumbi halipati pa kuingilia isipokuwa kwenye chujio. Kwa mazingira yetu huo ndio mpangilio ninaoushauri, hata kama unakugharimu nyuzi moja au mbili.

Vumbi na hewa ya bahari vinaathiri vipi?

Vumbi la Dodoma ni kavu, ukilipuliza linaondoka. Vumbi la Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja huchanganyika na unyevu wenye chumvi, likakaa kwenye mapezi kama ugoro uliolowana, na pulizo halilitoi lote. Hapo unahitaji brashi laini ya rangi, ile ya inchi moja, na uvumilivu. Zima mashine, chomoa waya ukutani, shika mapanga ya feni kwa kidole ili yasizunguke wakati wa kupuliza, kwa sababu feni inayozungushwa kwa nguvu na pulizo huweza kuharibu mhimili wake. Usipulize kwa mdomo. Mate ni maji.

Kwa sababu hiyo, chagua kesi ambayo chujio lake la mbele hutoka bila kufungua skrubu hata moja. Linaonekana jambo dogo dukani, lakini chujio linalohitaji bisibisi halisafishwi, na chujio lisilosafishwa kwa miezi mitatu huziba kuliko kioo. Lioshe kwa maji, lianike kivulini, lirudishe likiwa kavu kabisa. Angalia vilevile kama lipo chujio chini, kwenye pawa saplai, kwa kuwa hapo ndipo mashine inayokaa sakafuni hufagia nyumba yote.

Kuhusu chumvi, usiiweke mashine mbele ya dirisha linaloelekea baharini, hasa kaskazi inapovuma. Mabomba ya shaba yaliyopakwa nikeli hubaki yaking'aa. Yasiyopakwa hugeuka kahawia, na mabadiliko hayo ya rangi hayaathiri kazi yake. Kinachoharibika kwanza ni skrubu na kingo za bati la kesi za bei ya chini, pale rangi ilipokwaruzika.

Na zibe matundu ya nyuma ya nafasi za kadi zisizotumika kwa vile vibati vyake. Kesi ni kijumba chenye joto na giza: mende wanaipenda, na mjusi hufuata mende. Niliwahi kufungua mashine iliyozimika ghafla nikamkuta mjusi mmoja, marehemu, katikati ya mapanga ya feni ya kutolea.

Nipo Nairobi. Je, ushauri huu unabadilika?

Kidogo. Nairobi iko takriban mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 16, kwa hiyo feni inayozunguka kwa kasi ileile hubeba joto pungufu. Lakini hewa yenyewe ni baridi kuliko ya pwani kwa nyuzi kadhaa, na faida hiyo huishinda hasara. Kipozeo kinachotosha Mombasa kitatosha Nairobi.

Nina kiyoyozi chumbani. Je, bado nihangaike na haya yote?

Kiyoyozi kinakupa nyuzi nane au kumi za bure, lakini hakizibui kesi iliyoziba. Kumbuka pia kwamba mashine ya wati 400 kwenye chumba kidogo ni pasi ya umeme ndogo inayowaka muda wote unapocheza, na kiyoyozi kitalazimika kulitoa joto hilo. Bili ya umeme utaiona. Wanaohofia umande wasihofu mashine ikiwa imewashwa, kwani vifaa vyake huwa na joto kuliko hewa ya chumba. Ila pua ya kiyoyozi isipulizie kesi moja kwa moja.

Mashine yangu inapiga kelele. Nibadilishe nini?

Badilisha mpangilio wa kasi ya feni kwanza. Feni ikipunguzwa kutoka mizunguko 1,500 kwa dakika hadi 750, hewa inapungua kwa nusu, lakini kelele hushuka kwa takriban desibeli 15, ambayo ni tofauti kubwa sana sikioni. Feni mbili zinazofanana zikizunguka pamoja huongeza desibeli 3 tu kuliko moja. Ndiyo maana feni nyingi zinazozunguka polepole ni bora kuliko moja inayokimbia, na feni za milimita 140 ni bora kuliko za 120 pale kesi inapozikubali.

Nunua zenye waya nne, kwa kuwa hizo huongozwa kasi kwa ulaini. Na kwenye BIOS weka ucheleweshaji wa sekunde chache ili feni zisipande na kushuka kila unapofungua ukurasa wa intaneti. Kelele inayobadilikabadilika huchosha kuliko kelele kubwa iliyotulia.

Pesti ipakwe kiasi gani?

Tone la ukubwa wa punje ya dengu katikati ya prosesa. Kwa zile pana za Intel, matone mawili. Pesti ya zamani ifutwe kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Dawa ya meno si pesti: hukauka. Muhimu kuliko yote, geuza kipozeo ukiangalie chini kabla ya kukifunga, na kama kuna plastiki nyembamba imebandikwa kwenye shaba, ibandue. Mashine zinazofika nyuzi 95 dakika ya kwanza tu baada ya kuwashwa, mara nyingi plastiki hiyo bado ipo.

Je, kipozeo cha mtumba kinafaa?

Cha hewa kinafaa, mradi mabomba hayajapinda na kina mabano ya soketi yako. Mabano ya soketi ya AM4 ya AMD kwa kawaida hukubali AM5, lakini ya soketi za zamani za Intel hayakubali LGA1700, kwa sababu nafasi kati ya matundu iliongezeka kutoka milimita 75 hadi 78. Cha maji cha mtumba sikishauri kwa bei yoyote, kwani huwezi kuona ndani yake.

Kuna unafuu kuagiza kesi kutoka nje?

Kipozeo ndiyo, kesi kwa nadra. Kesi ni hewa iliyozungushiwa bati, na mizigo ya ndege hutozwa kwa ujazo pale ujazo unapozidi uzito. Boksi la sentimita 55 kwa 30 kwa 55, likigawanywa kwa 6,000 kama ilivyo desturi ya mashirika ya ndege, huhesabiwa kilo 15, hata kama mzani unasema 9. Baadhi ya kampuni za vifurushi hugawanya kwa 5,000, na hapo inakuwa kilo 18. Kwa meli ni takriban 0.09 ya mita ya ujazo, bei inashuka, lakini utasubiri. Nunua kesi hapa, ambapo unaweza kuweka kiganja kwenye matundu yake, na nafasi kwenye mzigo wa ndege uiachie kipozeo.

Ninahama mkoa na mashine itapanda basi. Nifanyeje?

Toa kadi ya grafiki uibebe mkononi. Kipozeo cha kimo kirefu nacho kitoe: NH-D15 ina uzito wa kilo 1.3 inayoning'inia kwenye ubao uliosimama wima, na barabara yenye matuta huyavuta mabano kila tuta linapopitwa. Usipoweza kukitoa, laza kesi kwa ubavu ili ubao uwe chini na kipozeo kisimame juu yake.

Nimeshanunua kesi ya kioo mbele na mashine inachemka. Nianzie wapi?

Anza kwa kupima, si kwa kununua. Cheza gemu moja kwa nusu saa, andika nyuzi za prosesa na za kadi. Kisha bandua uso wa mbele wa kesi, rudia gemu ileile kwa muda uleule. Tofauti ikiwa nyuzi mbili au tatu, kesi haina kosa. Angalia pesti, plastiki na mwelekeo wa feni. Tofauti ikiwa nyuzi nane au zaidi, umempata mchawi wako.

Kijana mmoja wa Tabata alipofanya jaribio hilo kadi yake ilishuka nyuzi 9. Hakuwa na pesa ya kesi nyingine, kwa hiyo alikata kipande cha wavu wa dirishani wa kuzuia mbu, akakizungushia ukanda wa sumaku uliotoka kwenye mlango wa friji bovu, na kukibandika mbele ya feni. Huutoa wavu huo kila Jumapili akauosha pamoja na vyombo. Kile kioo amekiegemeza juu ya kabati la nguo, na mama yake hukitumia kama kioo cha kujitazamia.